Kabati la Taurati Lililorudi Maskati

Nyinyi vijana mnaokuja kwangu hapa Ansab, pembeni mwa Maskati, na simu mkononi, mnanionesha picha ya mlango na kuniuliza, "Ami Seif, huu wa wapi?", kaeni chini kwanza. Mimi sikusoma. Darasa la nne kule Unguja nililimaliza kwa huruma ya mwalimu. Oman nilifika na suruali moja na patasi ya marehemu baba. Leo, alhamdulillahi, nenda Matrah, nenda Sib, nenda mpaka Suri, uliza nani anaijua mbao ya kale. Hawatakutajia mwenye digrii. Watanitaja mimi. Sijisifu, nnasema kilichopo.

Mgongo umegoma, kazi nimeacha, na karakana sasa wanayo wengine. Lakini kabla hamjamaliza kuharibu milango ya watu, nnataka kuwaambia mambo mawili matatu, na jambo moja ambalo nikilikumbuka mpaka leo nywele zinanisimama.

Aliyenifunza kazi alikuwa fundi Murad, Mbaluchi wa Matrah, mtu mfupi, mkali, na vidole vinane tu. Vile viwili hakupenda kuvizungumza. Mwezi wangu wa kwanza hakunipa randa wala msumeno. Alinipa kitambaa. "Fumba macho," ananiambia, "pitisha mkono. Wapi palifunguliwa pakafungwa tena?" Mimi napitisha mkono, sioni kitu, namwambia hapa. Ananipiga kichwani kwa kitambaa. "Pitisha tena!"

Mwezi wa tatu nikapata siku ya peke yangu karakanani na sanduku la kale, lile lililopigiliwa njumu, misumari ya pambo ya shaba. Nikalipiga msasa. Ewe! Nikalisugua mpaka likang'aa kama sahani mpya, nikamngojea kwa tabasamu. Murad akaingia, akalizunguka mara moja.

"Mashallah," akasema. "Umemnyoa bibi harusi kichwa."

"Lilikuwa chafu, fundi."

"Ule weusi ulioutoa ilikuwa mikono ya watu. Mia, mia mbili, wakifungua na kufunga. Sasa utaurudishaje? Utawaita makaburini waje washike tena?"

Basi kama hamtaki kusikia langu, sikieni la Murad. Sabuni hapana. Mashine ya msasa hapana. Bawaba ya zamani ikigoma usiivunje kwa bisibisi, ipashe moto kidogo, itie mafuta ya ufuta, nenda kanywe chai, ukirudi itakuwa imelegea. Kila kipande unachokitoa kiandike namba kwa chaki, upande usioonekana. Na ukitia mbao mpya mahali, kwa ndani iache bila rangi, ili fundi atakayekuja nyuma yako asidanganyike. Yeye ni mwenzako, ingawa hajazaliwa.

Sasa hilo jambo lenyewe.

Asubuhi moja, wiki ya pili baada ya Idi, alikuja karakanani bibi mmoja mdogo wa umbo, nywele nyeupe, raba miguuni, mkoba kifuani ameukumbatia. Akanisalimu kwa Kiarabu cha Baghdadi, kile cha kizamani, kinachotoka kooni. Nikamwambia ingia khala, kama unavyomwita dada wa mama. Hakuingia.

"Mimi naitwa Khatun," akasema, akaniita usta, yaani fundi. "Nimetoka London. Ni Myahudi. Nakwambia sasa, usta, ili ukitaka kunitoa unitoe kabla sijakaa."

"Khala, hapa anayetolewa ni anayekataa kahawa," nikamwambia. "Kaa."

Akacheka, akakaa. Na kwa vikombe vitatu akanipa khabari za watu wake, na mimi, ambaye nilidhani kwenye hii bahari yetu nimeshasikia kila hadithi ya mtu na safari yake, nikabaki kinywa wazi.

Babu zake waliondoka Baghdadi kwa sababu ya mtawala aliyewabana mpaka pumzi. Wakateremka Basra, wakapata chombo, wakashukia Maskati. Wengine walikunywa maji tu wakaendelea Bombay. Wengine walikaa hapahapa, wakafua fedha, wakauza nguo, wakakodi chumba cha kusalia. Chumba kimoja, ndiyo sinagogi yao. Ndani ya chumba wakaweka kabati la msaji, ile mbao ngumu ya Hindi, la kuhifadhia Taurati, kwa sababu kwao kitabu hicho hakikai rafuni kama vitabu vingine. Kina nyumba yake, ina milango miwili, na wao husali wakiielekea.

Baadaye wakahama, na kabati likenda nao Bombay. Vizazi vikapita, wakahamia London, kabati nalo. Bi Khatun alikuwa mtoto wakati wanasalia sebuleni kwa watu, juu ya duka la cherehani, wanawake jikoni na mlango wazi ili wasikie. Kisha wakakodi ukumbi. Kisha wakanunua jengo lililokuwa ghala. Wageni wapya wakaja, wengine kutoka Baghdadi moja kwa moja, hawana kitu ila koti, wakapelekwa wakaoneshwa kabati, wakalishika, wakalia.

"Kila tulipohama," akaniambia, "kitu cha kwanza kuingia ndani kilikuwa lile kabati. Kabla ya viti. Kabla ya taa."

"Na sasa?"

Sasa vijana wao wamehamia pembeni mwa mji, jengo kubwa halina watu, na jumuiya inahamia ukumbi mdogo. Kamati imeamua kutengeneza kabati jipya. Hili la zamani limeliwa na wadudu, mgongo umeoza kwa unyevu, na ukumbi hauna nafasi ya vitu viwili. Litapelekwa stoo ya makumbusho.

Bi Khatun akawaambia hili ni kabati la Maskati, ndicho kitu pekee kilichobaki cha watu wetu wa kule, ukilitoa umewatoa wao. Wakamwambia, shangazi, una karatasi? Sisi karatasi zetu zote zinaanzia Bombay. Khabari ya Maskati ni maneno ya bibi yako tu. Mwenyekiti wao, kijana anaitwa Daudi, mtoto wa ndugu yake mwenyewe, akampa muda: kabla ya mwaka wao mpya alete uthibitisho, na kabati liwe zima, litaingia ukumbini. Vinginevyo, stoo.

Mafundi wa London walitaka kung'oa mgongo wote na kugongomea ubao wa kiwandani. Ndipo mteja wangu mmoja anayeishi kule akampa jina langu. Unaona? Jina limefika London, mwenye jina hajafika hata Salala, kusini ya Oman hiihii.

Kabati likaja kwa ndege, ndani ya sanduku la mbao. Tukalifungua pamoja, mimi na yeye, na mke wangu Zuwena amekuja na halwa kutoka nyumbani, ukuta mmoja na karakana, kwa sababu alitaka kumuona huyo mgeni. Likatoka. Wallahi lilikuwa zuri. Limenizidi kimo kwa mkono mmoja, milango yake miwili imechongwa maua na majani kutoka juu mpaka chini, na pale mikono inaposhika pamelainika kama kisigino cha mtoto.

Na hapa ndipo nilipofanya ujinga. Nililitazama kwa muda wa kumeza kahawa moja, nikaweka mikono kiunoni.

"Khala, hili la Bombay. Msaji wa Malabari, maua ya Kihindi, mkono wa Kihindi. Tena fundi hodari."

Bi Khatun alivua miwani yake, akaikunja, akaitia mkobani. "Basi bibi yangu alikuwa mwongo," akasema pole pole.

Zuwena akanitolea macho. "Wewe Seif! Hata nyuma hujalitazama!"

"Nnaijua kazi yangu."

"Unajua kusema."

Bi Khatun akasema litengeneze tu, usta, hata kama ni la stoo, lisioze. Akarudi hotelini kwake Matrah. Alikaa pale wiki mbili na ushei, kila siku anakuja na teksi, analeta mkate.

Siku ya pili nikaanza na mgongo. Nikakuta mgongo ni wa tabaka mbili. Kati ya tabaka na tabaka pana nafasi ya upana wa kiganja, na juu, chini ya taji, pana tundu kama la sanduku la barua. Na nafasi yote hiyo imejaa karatasi. Zimechakaa, zimechanika, nyingine unga mtupu, zimeandikwa herufi zile zao za mraba.

Sikuwa na haja ya kuambiwa. Hilo ni neno la Mungu lililochakaa. Na mimi, pamoja na ujinga wangu wote, heshima naijua. Kwetu kurasa za msahafu zikichakaa hazitupwi jaani. Zinachomwa pahala safi, na jivu linafukiwa pasipokanyagwa. Basi nikaenda nikatia udhu. Nikatoa sinia ya shaba, nikaisugua. Nikachukua zile zilizochakaa zaidi, shada moja, nikaziweka sawasawa uani.

Zuwena akapita. "Umemuuliza mwenyewe?"

"Kuuliza nini? Jambo hili kila mtu analijua."

Nikawasha. Zikawaka mara moja, kavu zilivyokuwa. Nilikuwa nimeshachukua shada la pili mkononi Bi Khatun alipoingia na mkate wake. Nami kwa furaha kabisa nikamwambia, "Khala, usiwe na wasiwasi. Karatasi zenu tukufu nazisitiri kama za kwetu."

Akaiona sinia. Mkate ukamwanguka. Akakaa juu ya mbao zilizopangwa pale, pana vumbi, hakujali.

"Umezichoma," akasema.

Nikajua. Sikujua nini, lakini nikajua.

"Sisi hatuchomi," akasema. "Karatasi yenye jina Lake ikizeeka inawekwa pembeni, haiguswi. Zikijaa, zinazikwa makaburini, pamoja na watu. Nimetafuta miaka, usta. Niliambiwa watu wetu wa zamani hawakutupa kitu. Nikafungua kila droo London. Sikufikiria mgongoni."

Mikono yangu ilikuwa inanuka moshi na nikatamani kuikata, nibaki na vidole vichache kuliko Murad. Nilikuwa nimewachoma watu ambao hawakuchomwa na safari yote ile.

Akauokota mkate, akaupangusa vumbi. Kisha akaniuliza, "Ulinawa kabla ya kuzishika?"

"Nilitia udhu, khala."

Akanitazama. Akaitazama sinia, jinsi ilivyosuguliwa. "Nipe kitambaa safi," akasema. Akalichota jivu lote kwa mkono wake, punje kwa punje, akalifunga. "Na hili litazikwa. Sasa nipe hizo zilizobaki."

Zilikuwa zimebaki nyingi, shukuru Mungu, mara tatu ya zile nilizochoma. Tulitandika shuka jeupe juu ya meza ya kazi. Bi Khatun akavaa miwani, akainua kipande cha kwanza, akaanza kusoma kwa sauti.

Vijana, sikilizeni. Mimi nilitegemea kusikia lugha ya kigeni. Nikasikia Kiarabu! Herufi sizijui, sijawahi kuzijua, lakini neno lililotoka lilikuwa neno la sokoni, la nyumbani. Mafuta. Taa. Nyumba ya fulani, Ijumaa. Nyumba ya fulani, Ijumaa inayofuata.

"Khala, hii lugha gani?"

"Kiarabu chetu, kwa herufi zetu. Hii ni zamu. Nani alete mafuta ya taa ya sinagogi wiki gani, Ijumaa Sabato yetu inapoingia."

Nikamkumbuka bibi yangu, Unguja, anaandika barua za Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, na postamasta hajui kusoma. Nikaona kumbe watu ni wale wale, wanaitia lugha ya jikoni mwao ndani ya nguo za ibada, inakaa.

Akasoma vingi. Kipande cha dua ya msafiri. Mtoto amezaliwa. Na kimoja, kidogo kama kiganja, akakisoma, akakirudia. Kwao sala ya jamaa haitimii mpaka wawe wanaume kumi. Mtu mmoja aliandika pale kwamba wamebaki tisa, na kila chombo kikitia nanga wanashuka pwani kumtafuta wa kumi.

Tisa! Katika mji wa watu ambao si wao, kabati zuri namna ile, milango imesuguliwa, taa ina mafuta kwa zamu, na kila siku anakosekana mmoja. Na hawakufunga mlango. Wakashuka pwani kutazama. Zuwena alikuwa kizingitini na birika la chai, na birika lilikuwa limeinama linamwaga sakafuni, hana khabari.

Lakini mji haukutajwa. Karatasi ya mwisho ikaisha, Maskati haimo. Bi Khatun akaanza kuzipanga upya. Nikasema mimi.

"Labda ilikuwa kwenye zile nilizochoma."

"Labda," akasema. Hakulitia sukari, na ninamheshimu kwa hilo.

Usingizi sikuuona vizuri. Alfajiri baada ya sala nikarudi karakanani, na kwa mara ya kwanza nikafanya nilichofunzwa siku ya kwanza. Nilifumba macho, nikapitisha mkono. Mbele nikapaacha. Mbele seremala anaweka mbao ya kuoneshea watu, na msaji ulinunuliwa Malabari na kila mtu, mpaka milango ya misikiti yetu ni msaji ule ule. Maua nayo anayachonga Mhindi, anayachonga mwanafunzi wa Mhindi. Nikaenda mgongoni, kwenye pao, zile fito zilizoshika tabaka mbili, pahala ambapo hakuna atakayetazama, ambapo fundi anatia alichonacho chini ya benchi.

Mkono ukasita. Pao zilikuwa nzito kuliko ukubwa wake. Upande mmoja zimepasuliwa bapa, upande wa pili bado zina mviringo, na alama ya shoka. Nikakwaruza kidogo, ikatoka nyekundu. Nikachonga ubale, nikautia katika kikombe cha maji. Ukazama.

"Zuwena!" Nilipiga ukelele mpaka majirani wakawasha taa. "Zuwena, njoo!"

Akaja na kanga ya kulalia, amekasirika. Nikampa kipande mkononi, sikumwambia kitu. Akakigeuza. Akakinusa. Sura ikambadilika.

"Boriti," akasema. "Seif, hii boriti ya mkoko. Nimelala chini ya hizi mpaka nilipoolewa."

Mkoko wa kwetu! Wa mito ya Afrika, uliokuja Maskati kwa majahazi miaka nenda miaka rudi kuezekea nyumba. Bombay wana misitu yao, nani atawapelekea mikoko? Na upande ule wa mviringo, ndani ya ufa, palikuwa na chokaa imeganda. Hizi pao zilikuwa dari kabla hazijawa kabati. Nyumba ilivunjwa Maskati, fundi akaokota vipande vya boriti, akawafungia wale watu mgongo wa nyumba ya Taurati yao. Nikaketi chini. Nikasema, subhanallah, mti umetoka kwetu, watu wametoka Baghdadi, msaji umetoka Hindi, wakakutana katika chumba kimoja hapa, na hakuna anayejua ila wadudu na mimi.

Bi Khatun alipofika nikamwambia, "Khala, bibi yako hakuwa mwongo. Mwongo mimi."

Alitaka nimwambie Daudi mwenyewe. Tukampigia simu ya picha. Kijana mzuri, ndevu zimekatwa vizuri, Kiarabu hana, shangazi yake akawa anatafsiri.

"Anauliza una shahada gani ya mbao."

"Mwambie sina hata ya chanjo."

Hakucheka. Nikaona utani hautaniokoa. Nikamwambia, sikiliza mwanangu. Mimi nilimwambia shangazi yako kabati hili la Bombay, nikakosea. Kisha nikachoma karatasi zenu, nikidhani nazitukuza, nikakosea vibaya zaidi, na huenda ushahidi wenu umo katika jivu analolileta. Sasa mimi mwenye makosa mawili nakwambia jambo la tatu, na sikwambii uniamini. Nnakuletea kipande cha pao na chokaa yake. Mpe mtu wako mwenye darubini.

Nilipomaliza Bi Khatun alikuwa amesita kutafsiri. Nikamwambia, yote, khala. Akayatafsiri yote. Zuwena nyuma yangu, siku nyingine angekuwa na la kusema, akanisogezea kikombe cha chai. Miaka thelathini na zaidi hajanisikia nikisema nimekosea mbele za watu.

Kazi yenyewe nikaifanya kama sala. Sikung'oa mgongo. Kila palipokufa nilitia kiraka cha msaji wa mlango mbovu wa zamani, na kwa ndani nikakiacha bila rangi. Pao nikazirudisha mahali pake, namba kwa namba. Milango sikuigusa ila kwa kitambaa na nta. Siku ya mwisho nikampeleka Bi Khatun Maskati yenyewe, mji wa kale ndani ya ukuta. Mnapajua, siku hizi ni kasri na wizara na bustani zilizofagiwa, nyumba za watu chache. Chumba chao kilikuwa wapi, hakuna ajuaye. Akasimama kivulini pa ukuta, akahesabu kwa vidole, midomo inacheza. Nikamuuliza unahesabu nini. Akasema, "Majina ya wale wa zamu ya mafuta. Nataka yasikike hapa mara moja."

Akaondoka na kabati, na karatasi, na jivu. Wiki zikapita. Nikawa sili vizuri. Kisha ikaja simu fupi ya Bi Khatun: mwenye darubini amesema ni mkoko wa pwani ya Afrika ya Mashariki. Kamati imekaa, imekubali. Karatasi na jivu vimezikwa.

Siku ya kulitia kabati ukumbini walichagua Jumapili, maana Jumamosi yao hawashiki simu, na Bi Khatun alitaka nione. Huku kwetu ilikuwa alasiri. Nimekaa sebuleni na mto mgongoni, Zuwena pembeni. Kwenye simu naona ukumbi mdogo, viti bado vimefungwa nailoni, watu sitini hivi, wazee mbele. Kabati limesimama ukutani peke yake. Wakaja watu wamebeba Taurati zao, kila moja ndani ya kasha la duara kama mnara mdogo, kengele zinalia. Daudi akaenda upande mmoja wa kabati, mzee mmoja upande wa pili. Wakashika pale palipolainika, wakafungua.

Ukumbi mzima ukasimama. Bi Khatun alikuwa amenieleza kwamba milango ile ikifunguliwa hakuna anayebaki ameketi. Lakini kuelezwa si kuona. Waliokuwa hawawezi walisimama kwa kushika viti, na mmoja akainuliwa kwenye kiti chake cha magurudumu na watu wawili. Bi Khatun akaigeuza simu ielekee kabati, nikaona kiza kile cha ndani, na mgongo wa kabati, na Taurati zinaingia moja moja.

Sikujua nimesimama lini. Mgongo ulikuwa unaniuma mpaka masikioni, na nimesimama, katikati ya sebule, Ansab, mikono nimeishusha ubavuni.

Zuwena akaninyanyulia uso. Nikangoja aniulize nimepandwa na nini. Akajitanda kanga yake vizuri, akasimama na yeye.